Goma na majeshi yake manne: kwa nini jeshi la kanda lilishinda 2013 alafu likakwama mara mbili

Kuanzia 2012 mpaka sasa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umeangukia mikononi mwa waasi wa M23 mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025, na hapo katikati yamepita majeshi ya kulinda amani mpaka mtu unapoteza hesabu. Kuna MONUSCO ya UN ambayo ipo miaka yote hiyo, kuna ile brigedi ya mapigano ya FIB ya 2013 iliyokuwa ndani ya MONUSCO, kuna jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki la 2022, alafu kuna la SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, lililoingia Desemba 2023. Watu wanayachanganya na wala sio kosa lao, maana kuna kipindi Mtanzania mmoja alikuwa Kivu Kaskazini, mkoa wa Goma, na kofia ya bluu ya UN na Mtanzania mwenzake yuko upande wa pili na beji ya SADC, wametoka jeshi moja, ila mmoja nyuma yake ana hospitali na helikopta za UN na mwingine anategemea kile alicholetewa na nchi yake.

Ninavyoona mimi, matokeo tofauti ya hayo majeshi hayakutokana na ushujaa wa askari hata kidogo. Askari walikuwa wale wale, nchi mara nyingi ni zile zile. Kilichobadilika ni nani analipa, serikali ya Kinshasa ilidhani jeshi limekuja kufanya nini, na zaidi ya yote kama majirani waliokaa mezani walikuwa wamekubaliana kweli au walikuwa wanasaini tu ili mkutano uishe.

Tuanze na sheria kwanza maana hapo ndo wengi wanavurugwa. Hati ya Umoja wa Mataifa ina sura ya nane inayozungumzia jumuiya za kanda, inasema jumuiya hizo zinaweza kushughulikia migogoro ya kwao, ila zikitaka kutumia nguvu za kijeshi kushurutisha lazima Baraza la Usalama liidhinishe. Kwenye karatasi ni hivyo. Kwenye maisha ya kweli mlango unaotumika zaidi ni mwingine, ni serikali yenye matatizo kuomba yenyewe, ikisema njooni basi majeshi ya jirani yanaingia kihalali bila kusubiri kura ya New York. Na ikisema basi tokeni, yanafungasha. Hilo la kutoka watu hulisahau mpaka liwafike.

Na jambo lenyewe sio geni kwetu. Agosti 1990 nchi za Afrika Magharibi zikiongozwa na Nigeria ziliingia Liberia na jeshi la ECOMOG bila kusubiri idhini ya Baraza la Usalama, na miaka michache baadaye Tanzania na Uganda zikapeleka askari wao huko huko Liberia. Machi 2008 Tanzania ilishirikiana na Sudan na serikali ya Komoro kwa baraka za Umoja wa Afrika kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa ameng'ang'ania kisiwa cha Anjouan, ile kazi iliisha haraka sana, Bacar akakimbilia Mayotte. Ukiangalia kwa nini ilikuwa rahisi utaona sababu: kisiwa kimoja, mlengwa mmoja anayejulikana jina na anapokaa, serikali ya Komoro ndo imeomba, na hakuna jirani aliyekuwa anampelekea Bacar silaha usiku. Kivu hakuna hata kimoja cha hivyo vinne ukiondoa labda hilo la serikali kuomba.

Sasa turudi Goma. M23 iliibuka Aprili 2012, jina lake linatokana na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009 ambao waasi wa CNDP, kundi ambalo M23 ilitokea, walisema Kinshasa haikuutekeleza. Tarehe 20 Novemba 2012 wakaingia Goma huku walinda amani wa UN wakiwa mji huo huo na magari yao meupe. Aibu ile ilikuwa kubwa. Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa tayari zinazungumzia kuunda jeshi lao la kimataifa lisiloegemea upande, SADC ikajitolea kutoa askari, ila pesa haikuwepo, kwa hiyo likatafutwa suluhisho ambalo kwa maoni yangu ndo lilikuwa la akili kuliko yote yaliyofuata: askari watoke kanda, lakini waingizwe ndani ya MONUSCO. Februari 2013 mkataba wa kisiasa ukasainiwa Addis Ababa na nchi 11, na tarehe 28 Machi Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098 la kuunda FIB, askari 3,069 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, vikosi vitatu vya miguu na kombania ya mizinga na nyingine ya makomando na upelelezi, makao makuu Goma, kamanda wa kwanza Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Azimio lilisema waziwazi kwamba kazi yao ni kuyavunja nguvu makundi yenye silaha, iwe pamoja na jeshi la Kongo au wenyewe, na likaongeza kuwa huo usichukuliwe kama mfano wa kufuatwa kwingine.

Agosti 2013 mapigano yakawaka Kibati, kaskazini mwa Goma, meja mmoja wa JWTZ, jeshi la Tanzania, akauawa pale. Mwanzoni mwa Novemba helikopta za kivita za Afrika Kusini aina ya Rooivalk zikapiga ngome za mwisho za M23 vilima vya Chanzu, na tarehe 5 Novemba waasi wakatangaza kwamba vita basi. Goma ikalipuka kwa furaha.

Wengi simulizi yao inaishia hapo, eti UN ikipewa meno inashinda. Mimi nakataa, au tuseme haijakamilika. Pamoja na FIB kulikuwa na mambo mengine mawili yanatokea kwa wakati mmoja. Jeshi la Kongo lilikuwa limepangwa upya na lilikuwa na makamanda waliopendwa kama Kanali Mamadou Ndala ambaye watu wa Goma wanamtaja mpaka leo. Na Kigali ilikuwa imebanwa, Uingereza na Ujerumani na Uholanzi zilikuwa zimesimamisha sehemu ya misaada baada ya ripoti za wataalamu wa UN kusema Rwanda inawasaidia M23, na Marekani nayo ikawa inasema hadharani msaada huo uishe. Rwanda ilikana wakati huo na ikaendelea kukana miaka iliyofuata, yenyewe inasema tatizo ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na kwamba Kinshasa inalilea. Hoja ya FDLR sio ya kutupwa, kundi lipo na limekuwa likipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo. Lakini ukweli wa uwanjani 2013 ni kwamba M23 walipigwa wakiwa hawapokei msaada wa maana kutoka nyuma, na hilo lilipatikana kwa simu na pesa, sio kwa mizinga.

Alafu mtakumbuka gharama ya ujirani. Mei 2013 Rais Kikwete alishauri Kigali izungumze na FDLR, uhusiano wa Tanzania na Rwanda ukaingia baridi kali, miezi hiyo hiyo askari wetu wakiwa njiani kwenda Goma. Jeshi la kanda linajua ardhi, linajua lugha, askari wa Tanzania anaongea na mama wa Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, kwa Kiswahili bila mkalimani, na hiyo ni faida kubwa ambayo mlinda amani kutoka Uruguay au India hana. Ila jirani huyo huyo ana mpaka, ana biashara, ana ugomvi wa zamani, na kila risasi anayopiga inarudi kwake kidiplomasia.

FIB iliendelea kubaki na baada ya M23 ikageukia ADF, waasi wenye asili ya Uganda, upande wa Beni. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa usiku, wakauawa Watanzania wasiopungua 14 na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa UN kwa miaka mingi. ADF haikuwa na mji wa kukombolewa wala kilima cha kupigwa na helikopta, ni watu wa msituni wanaotembea makundi madogo, na kile kilichofanya kazi Chanzu hakikufanya kazi Semuliki.

Novemba 2021 M23 wakarudi. Wapiganaji wengine walikuwa wamekaa kambini Uganda miaka yote, pale Bihanga, wakisubiri makubaliano ya Nairobi ya Desemba 2013 yatekelezwe. Juni 2022 wakachukua Bunagana mpakani. Kongo ilikuwa ndo kwanza inaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, imesaini Aprili, imekuwa mwanachama kamili Julai, na Rais Tshisekedi wa Kongo akaona hapa pa kuegemea. Uhuru Kenyatta akawa msuluhishi, marais wakakubaliana kuunda jeshi la Jumuiya. Burundi ikatangulia Kivu Kusini, Kenya ikaingia Goma Novemba 2022 na askari zaidi ya 900, Uganda na Sudan Kusini zikafuata 2023. Rwanda ikakatazwa na Kinshasa kushiriki, jambo ambalo linaeleweka, lakini tayari hapo una jeshi la Jumuiya ambalo mwanachama mmoja anatuhumiwa kuwa ndo nguvu ya yule mnayekwenda kumkabili, na anakaa kikao kile kile kinachotoa maagizo.

Hapa ndo pa kukaa kidogo, maana kila kitu kiliharibikia hapa. Tarehe 23 Novemba 2022 mkutano wa Luanda ulitoa tamko kwamba M23 wasimamishe mapigano tarehe 25 na warudi nyuma mpaka eneo la mlima Sabyinyo, na wakikataa basi viongozi wa Jumuiya waruhusu jeshi litumie nguvu. M23 wenyewe hawakuwa mezani Luanda. Kinshasa ikalisoma tamko lile kama tangazo la vita, kwamba Wakenya wamekuja kupigana. Nairobi ikalisoma kama mpango wa kusimamia waasi wakiondoka kwa hiari huku mazungumzo yanaendelea. Karatasi moja, viongozi wamekubaliana, na kila mtu amerudi kwao na maana yake.

Tarehe 23 Desemba ukafanyika mkusanyiko pale Kibumba, kilomita kama 20 kutoka Goma, M23 wakakabidhi eneo kwa Wakenya mbele ya kamera, makamanda wakapeana mikono. Kwa Meja Jenerali Jeff Nyagah aliyekuwa anaongoza jeshi lile ilikuwa hatua ya kwanza. Kwa watu wa Goma ambao ndugu zao walikuwa kwenye mahema ya turubai Kanyaruchinya, pale pale walipokimbilia 2012, picha ilisomeka kwamba jeshi letu la kutuokoa linapeana mkono na aliyetufukuza nyumbani. Jumuiya haikujiandaa kabisa kwa hilo, hakuna aliyewaeleza wananchi mapema kwamba askari hawa hawajaja kupiga. Februari 2023 maandamano yakawaka Goma. Siku chache kabla yake, kwenye mkutano wa Bujumbura, Tshisekedi alinaswa na kamera akimwambia Nyagah usoni asiwapendelee M23. Aprili Nyagah akaondoka akieleza kwamba usalama wake umetishiwa. Desemba 2023 Kinshasa ikagoma kuongeza muda na majeshi yote yakafungasha, sawasawa na nilivyosema pale juu kuhusu serikali iliyoomba kusema tokeni.

Je, lilishindwa? Kuna miezi ya mwanzo wa 2023 ambayo mapigano yalipungua sehemu ambazo jeshi hilo lilisimama katikati, barabara zingine zikafunguka, watu wakapita. Hiyo ni kazi na isidharauliwe. Lakini kukaa katikati kunasaidia kama pande zote mbili zinataka muda wa kuongea, na Kinshasa ilikuwa imeapa haiongei na M23.

Ndo ikaja SADC. Uamuzi ulipita Windhoek Mei 2023, jeshi lake lililoitwa SAMIDRC likaanza kuingia tarehe 15 Desemba 2023, wiki moja baada ya muda wa Afrika Mashariki kuisha. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi tena, nchi tatu za FIB, sasa chini ya bendera ya SADC, kamanda Meja Jenerali Monwabisi Dyakopu wa Afrika Kusini. Safari hii kazi ilieleweka, kulisaidia jeshi la Kongo kupigana. Ikawa kama watu wanajaribu kurudia 2013, ila vile vitu vilivyoibeba 2013 havikuwepo tena. Afrika Kusini iliidhinisha askari 2,900 na jeshi zima halikuwahi kufika idadi iliyopangwa. Rooivalk hazikuwepo. M23 wa 2024 walikuwa na mota za uhakika na silaha za kutungulia ndege, na wataalamu wa UN wakakadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo. Upande wa Kongo nako kulikuwa na mchanganyiko ambao hakuna kamanda angeweza kuuongoza: jeshi, wanamgambo wa Wazalendo, FDLR, Warundi waliokuja kwa mkataba wao na Kinshasa, mpaka mamluki wa Romania.

Februari 2024 mota iliua Waafrika Kusini wawili kambini Mubambiro karibu na Sake. Aprili ikaua Watanzania watatu. Ukiangalia ramani utaona tatizo kwa macho yako: Goma imekaa kwenye kona, kusini ziwa Kivu, mashariki mpaka wa Rwanda, mji wa Gisenyi ukitembea kwa miguu unafika, kaskazini mlima Nyiragongo na nyuma yake M23. Inabaki barabara ya magharibi kwenda Sake, kilomita 25 hivi, na uwanja wa ndege. Adui akishika Sake na ndege zikasimama, jeshi lako halina pa kupitishia hata dawa. Januari 2025 vyote viwili vilitokea ndani ya siku chache, tarehe 27 Goma ikaanguka. Afrika Kusini ilipoteza askari 14, wengine wakiwa wa SADC na wengine wa UN, Malawi watatu, Tanzania wawili. Waromania karibu 300 wakavukishwa mpaka kwenda Rwanda. Askari wa SADC wakabaki kambini wamezungukwa na wale wale waliokuja kuwapiga, chakula kikiingia kwa ruhusa ya M23.

Tarehe 8 Februari marais wa SADC na Afrika Mashariki wakakutana Dar es Salaam kwa pamoja kwa mara ya kwanza juu ya hili, na nauliza kwa uchungu, kwa nini mkutano huo haukufanyika 2022? Tanzania na Kongo ziko kwenye jumuiya zote mbili. Miaka mitatu Nairobi ina mchakato wake, Luanda ina wake, majeshi mawili yanapokezana mji mmoja, na anayetaka kukwepa ahadi anachagua kikao kinachomfaa. Tarehe 13 Machi SADC ikafuta SAMIDRC, na kuanzia tarehe 29 Aprili misafara ikaanza kutoka kwa barabara kupitia Rwanda mpaka Chato mkoani Geita.

Bado hatujagusa hela vizuri, na hela inaeleza mengi. Ukiwa chini ya UN, New York inailipa serikali yako zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na inalipia vifaa pia, wakaguzi wanapita kambini wanahesabu magari, jenereta, mahema, na gari ambalo halitembei halilipiwi. Kwa hiyo kamanda ana sababu ya kuhakikisha linatembea. Ukiwa chini ya jumuiya ya kanda mara nyingi kila nchi inajibeba, bunge la Kenya liliidhinisha mabilioni ya shilingi kwa miezi sita ya mwanzo tu, Malawi ni nchi ambayo ina shida hata ya fedha za kigeni za kununua mafuta, unategemea ibebe vita ya mbali muda gani? Agosti 2024 Baraza la Usalama kwa azimio 2746 liliruhusu MONUSCO iwasaidie SADC kwa usafirishaji na taarifa, ni msaada, ila ni wa pembeni, haukuwa FIB.

Na msidhani ni shida ya Kongo peke yake. Kenya iliongoza muungano wa polisi kwenda Haiti kwa azimio 2699 la Oktoba 2023, idhini ya UN ipo ila pesa ni ya kuchangishana kwa hiari, walipangwa 2,500 wakafika kama 1,000, na Septemba 2025 Baraza likaamua kuugeuza kuwa kikosi kingine kikubwa zaidi. Somalia, askari wa Uganda na Burundi walitegemea posho ya Umoja wa Ulaya tangu siku za AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko, Ulaya ilipopunguza 2016 Bujumbura na Kampala zikatikisika. Desemba 2023 likapitishwa azimio 2719 ambalo Afrika iliomba kwa miaka: operesheni inayoongozwa na Umoja wa Afrika inaweza kulipiwa na michango ya lazima ya UN mpaka asilimia 75. Mtihani wa kwanza ulikuwa Somalia kwa kikosi kipya cha AUSSOM kilichoanza Januari 2025, na Marekani ikakataa litumike huko. Azimio lipo, mwanya umeachwa wazi, na askari wa AUSSOM wameingia kazini bajeti yao ikiwa haijapata mwenyewe.